Jicho la Blandina ndani ya Sanduku

Hilari alipomwita mama yake "Ayo", kwa Kiiraqw cha utotoni, Blandina alijua kuna kitu kinatakiwa. Siku nyingine zote alikuwa "mama" tu, tena kwa haraka.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage ya mbegu: yaliyotobolewa na wadudu huku, mazima kule. Kazi hiyo ndiyo kwanza ameirudia mwaka ule wa themanini na sita. Jicho la kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilipasuliwa mtoto wa jicho kule hospitali ya Wasso, na daktari mgeni akamwachia miwani yenye kioo kinene kama kitako cha glasi. Akiivua, dunia yote inakuwa uji wa maziwa.

"Ayo, sanduku langu la video limekamilika. Limebaki jicho."

Lilikuwa kasha la chai lililopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Humo Hilari alisimamisha televisheni ndogo, ukubwa wa kitabu cha misa, kichwa chini miguu juu, maana kioo hupindua picha. Umeme ungetoka kwenye betri za trekta. Deki ya kuchezea mkanda aliiazima parokiani. Shida ilikuwa kioo cha kutupia picha ukutani. Cha tochi kilitoa mwanga mtupu. Kitako cha chupa kilitoa nyuso zilizovimba kama za walioumwa na nyuki. Mwalimu Xavery alimwazima kioo cha shule cha kukuzia wadudu. Hicho Hilari alikisifia jioni moja, kisha hakukitaja tena.

"Naomba kile cha miwani, Jumapili moja tu. Mkanda wenyewe ni wa Paskalina anaweka nadhiri."

Blandina aliacha maharage. Siku huyo kitinda mimba wake anaingia utawani, yeye alikuwa bado haoni. Alikaa benchi la mbele akamsikia mwanawe anamjibu askofu, uso asiuone.

"Sasa mimi nitaona na nini?"

"Ayo! Picha ukuta mzima? Hata kipofu ataona!"

Wakacheka wote wawili. Akaivua, akampa.

Jumapili baada ya misa, stoo ya shamba la kahawa ikajaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka jeupe likatandazwa ukutani, vibarua wa Singida wakagombea mabenchi na wenyeji wa kijiji cha Qurus. Blandina alipewa kiti cha mbele. Usoni alivaa fremu yenye tundu upande mmoja, maana pua ilishaizoea.

"Huyooo! Paskalina!"

"Mbona amekonda hivyo?"

"Kelele! Tazama, anacheka. Anamtazama mama yake!"

Mbele ya Blandina palikuwa na weupe unaotikisika, basi. Akapangusa jicho kwa kanga. Akasogeza kiti. Weupe ule ule. Mwishowe akainuka, akanyoosha mikono mpaka vidole vikagusa shuka, akaanza kupapasa akitafuta pale penye uso.

"Bibi, toka huko, unatuzibia!"

"Mwenye bibi yake amwondoe!"

"Mama, kaa chini!" Hiyo ilikuwa sauti ya Hilari.

Akakaa. Watu walipokwisha kutoka, wakimwita Hilari fundi na kumtaka wiki ijayo alete mkanda wa ngumi, Blandina alimfuata kwenye sanduku.

"Nipe kioo changu, mwanangu."

"Kimeshaganda, mama. Nilikisugua pembeni kwenye jiwe la kunolea ili kiingie kwenye bomba la kutolea picha, nikakimwagia gundi. Nikikitoa kitapasuka. Tutatafuta kingine Wasso."

"Daktari alisharudi kwao. Unajua."

Mwalimu Xavery, aliyekuwa akisubiri mlangoni, akasogea. "Kumbe hukutumia kile cha shule? Kilishindwa?"

"Hakikushindwa, Mwalimu. Kilionyesha vizuri tu." Hilari akakitoa mfukoni, kimefungwa kwenye leso safi, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Ila hicho nilijua utakidai."

Mwalimu akakipokea.

Masikio ya Blandina yalikuwa mazima. Akavua ile fremu, akakunja vikono vyake taratibu, kimoja kisha kingine, akaiweka juu ya sanduku.

"Chukua na hii," alisema. "Sitaidai."

Akatoka akipapasa ukuta. Msimu ule maharage yake yaliota kwa mapengo, maana mbegu alizichambua kwa vidole.