Jumapili za Torgny

Kule Burträsk, kijiji cha nchi ya baridi, watu walimcheka Alfhild kwa kuweka akiba. Akiba ya nini? Shule inalipwa na serikali, hospitali inalipwa na serikali, na ukizeeka watu wa manispaa watakuja kukuogesha. Wenzake wa kanisani walikuwa wakienda Visiwa vya Kanari kuota jua kila majira ya baridi, wanarudi wekundu kama kamba waliochemshwa. Yeye alibaki, na koti lake moja miaka kumi na tisa, kwa sababu alikuwa na Torgny.

Torgny alikuwa mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka arobaini na sita mwenye akili ya mtoto mdogo. Manispaa ilimpa chumba katika nyumba ya watu wenye hali kama yake, na wafanyakazi walikuwapo usiku na mchana. Walikuwa watu wema, Alfhild hakuwakosea shukrani. Ila hawakukaa. Torgny akishazoea jina la mmoja, anakuja mwingine. Aliyekuja bila kukosa ni mama yake, kila Jumapili baada ya ibada, wakanywa kahawa yenye vipande vya jibini ndani, jinsi inavyonywewa huko kaskazini.

Daktari alipomwambia kuwa moyo wake umechoka, Alfhild alikwenda ofisi ya manispaa kuuliza namna ya kumwachia Torgny akiba ile. Alihudumiwa na msichana mpole.

"Mama, nikwambie kweli," alisema. "Sasa hivi Torgny hana kitu, ndiyo maana anasaidiwa kodi ya chumba. Akirithi, msaada utapunguzwa. Atajilipia kwanza mpaka fedha ziishe, halafu tutarudi kumsaidia."

"Na yeye atapata nini cha zaidi?"

"Atapata kile anachopata sasa."

"Chumba kile kile?"

"Kile kile, mama."

Alfhild alishukuru, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Juma lile alipita Lisbet, binti wa marehemu kaka yake, dalali wa nyumba huko mjini Skellefteå. Aliposikia habari ile akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shangazi! Si nilikwambia uende Kanari? Haya, toa hela zote benki, zifiche kwenye friza chini ya samaki. Nani atajua?"

"Mungu hahitaji ufunguo wa friza, Lisbet."

"Basi akusaidie Yeye."

"Nataka unisaidie wewe," Alfhild akasema. "Nitakupa nusu sasa hivi, ningali hai, kwa halali. Nikiondoka, uwe unakwenda kwa Torgny Jumapili. Saa moja tu."

Kicheko kikamwisha Lisbet.

"Shangazi, ukinilipa nitakuwa mfanyakazi kama wale wengine. Kisha nitadai likizo."

"Basi nenda bila malipo."

Lisbet alikiinua tena kikombe chake. Mara ya mwisho kumwona Torgny ilikuwa siku ya kumzika baba yake Torgny, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu siku hiyo. "Sawa," alisema. "Jumapili hii. Bure."

Jumapili ile Alfhild hakwenda, makusudi. Alitaka mwanawe azoee kuona mtu mwingine kwenye kiti chake. Alikuwa amemwandaa kwa simu kila siku: Lisbet anakuja, Lisbet binti wa mjomba. Akakaa jikoni kwake na Biblia wazi, asisome hata mstari.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa mfanyakazi, sauti ngeni.

"Samahani, kuna mgeni aliyetegemewa? Torgny amesimama mlangoni tangu saa sita. Amefunga tai. Hataki kula."

Kabla hajajibu, ujumbe wa Lisbet ukaingia: wateja wametokea ghafla, Shangazi, tupange Jumapili nyingine, eh?

Alfhild alitazama saa. Basi la Jumapili lilikuwa limekwisha kupita.

"Nipe Torgny," alisema.

Akasikia pumzi nzito. "Mama? Lisbet yuko wapi?"

Miaka yote Alfhild hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata siku ya kifo cha baba yake. Alifumba macho.

"Lisbet anaumwa, mwanangu. Ana homa."

"Maskini Lisbet," Torgny alisema. "Sikuwa namkasirikia, mama. Basi tumwombee."

Akaanza palepale mlangoni, kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa, akimsihi Yesu amwondolee Lisbet homa, amlaze vizuri, ampe nguvu za kuja Jumapili. Alipomaliza akangoja. Alfhild alijua anangoja nini.

"Amina," akasema.

"Sema kwa nguvu, mama. Sikusikia."