Udongo wa Miguu ya Lavender

Sabato ya Meza ya Bwana, saa tano kasoro robo, shemasi Mokeira alipanga mabeseni kumi na manne katika darasa la watoto nyuma ya kanisa, akamimina maji ya uvuguvugu katika kila moja, akatundika taulo kwenye viti. Wanaume walikuwa wameachiwa kanisa kubwa. Akina mama wakaingia wawili wawili, kila mmoja na mwenzake wa kutawadhana miguu, maana kabla ya mkate na zabibu mtu hujishusha kwanza.

Drusilla, kiongozi wa akina mama, alikuwa na desturi yake. Kila robo ya mwaka alimtawadha mke wa mchungaji, miguu iliyofika kanisani imeshaoshwa na kupakwa mafuta. Kusema kweli, hapo palikuwa na kazi gani? Lakini Sabato hiyo mke wa mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Kisii, na wengine wote walishapata wenzao. Aliyebaki peke yake karibu na ukuta alikuwa Lavender, mke wa mwanawe Eric.

Lavender alikuwa ameketi na mkoba mapajani. Ijumaa jioni alikuwa ameomba kwenda kwao Nyamache, kwa sababu mama yake mzazi hali yake haikuwa nzuri. Mwezi huo alishaomba mara mbili. Eric, anayefanya kazi Nairobi, alisema kwenye simu amuulize mama. Naye Drusilla alijibu kwamba Meza ya Bwana haikoswi na Jumatatu ni siku ya kuchuma chai, basi angoje Jumanne. Katika boma lile neno la Drusilla likitoka limetoka. Si kwamba alikuwa mkali, la. Hakuwahi kumpazia mtu sauti. Hakuwa na haja.

Drusilla akapiga magoti, akautia mguu wa kulia wa Lavender majini. Maji yakawa mekundu. Hilo halikumshughulisha mtu, walikuwa wametembea kwa miguu na mvua ilikuwa imenyesha. Akabadilisha maji. Beseni la pili likawa jekundu vilevile, na la tatu likajaa udongo hadi nusu. Mokeira alileta maji mengine bila kuuliza, akasema tu kwamba tangi lina maji ya kutosha.

Mkulima hapotezwi na udongo wake. Ule mwekundu uliokuwa ukitoka kisiginoni ulikuwa wa shamba la juu, ambako Lavender alikuwa amechuma chai kwa miaka kumi na mmoja. Baadaye ukatoka mweusi unaonata, wa njia ya chemchemi. Drusilla akakumbuka alivyomtuma huko akiwa na mimba ya Ashley ya miezi minane, na nyumbani maji yapo. Zikatoka kokoto za barabara ya kituo cha kupimia majani. Likatoka jivu la jikoni. Udongo wa Nyamache ulitoka kidogo tu, kama punje ya wimbi, naye aliutambua kwa sababu ndio pekee ambao hakuwahi kuukanyaga.

Hapo moyo ukamuuma Drusilla, ukamuuma kweli. Akaamua kwamba yote aliyoyafanya atayaosha leo leo, hainuki mpaka maji yatoke meupe. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Wenzao wakamaliza, wakakumbatiana, wakaenda kula mkate. Mzee Ochoki, mzee wa kanisa, akasimama nje ya mlango akasema mkate wao umefunikwa kitambaa, wasiwe na haraka. Mashemasi wakawa wanabeba udongo kwa karai na kuumwaga nyuma ya vyoo, penye migomba. Mokeira akatania kwamba mwosha huoshwa, siku ya zamu ya Drusilla aitwe mtu mwingine wa kubeba karai.

Saa nane simu ya Lavender ililia ndani ya mkoba. Akaitazama, kisha akamtazama mama mkwe wake. Drusilla alikuwa ameinama, machozi yanamdondokea majini, anasugua katikati ya vidole huku akiomba polepole. Lavender hakupokea. Mtu amekushika mguu na analia, utaondokaje?

Walikuwa kwenye beseni la kumi na tisa, saa kumi imekaribia, Lavender aliposema kwa sauti yake ya siku zote, "Mama, inatosha."

"Bado, mwanangu. Maji bado ni mekundu."

"Nayaona. Lakini hata hili umeliamua peke yako."

Mikono ya Drusilla ikasimama. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, gauni la Sabato limelowa hadi kiunoni, hajaonja kitu tangu asubuhi, na bado ni yeye aliyekuwa amemshikilia mwenzake. Akatamani kumwambia aende arudi Jumatatu. Nyumba ilikuwa kubwa, Eric alikuja Desemba kwa Desemba, na Lavender akiondoka bila kupangiwa siku, nani ajuaye kama atarudi? Drusilla aliogopa kama mtoto. Kisha akauachilia mguu.

"Nenda," alisema. "Siku ya kurudi sikupangii."

Lavender akafuta miguu, akavaa viatu na udongo wake, akashukuru. Nje akasimamisha bodaboda.

Jumapili asubuhi kamati ya kanisa ilikutana. Iliamua kwamba udongo ule utumike kusawazisha mahali pa kuegesha magari. Kisha, kwa pendekezo la akina mama wenye wana waliooa, ikaamua kwamba kuanzia robo ijayo kila jozi isizidi mabeseni mawili, na mtu asipangwe na mke wa mwanawe. Hakuna aliyepinga.

Drusilla hakuwepo. Alikuwa ameenda Nyamache, sukari mkono mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, mzigo ambao kwa miaka kumi na mmoja hakuubeba mwenyewe. Mama yake Lavender alikuwa amefariki Sabato, saa tisa na nusu. Lavender alifika akakuta blanketi limeshafunika uso.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai. Linet, dada mdogo wa Lavender, alipokea mzigo, akamsimulia mgeni jinsi ilivyokuwa, bila ubaya wowote. Tangu adhuhuri mama alikuwa akiuliza ni nani yuko mlangoni. Wakimwambia ni upepo, anasema basi msiufunge mlango.

Wakampa Drusilla kiti. Hakukikalia. Alikwenda akaketi chini mbele ya Lavender.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Lavender.

Kisha akasogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.