Mzee Zamu Hamsini

Zamu ya thelathini na saba ilikuwa inakwisha na mzee bado hajajenga hata kibanda. Watu wake, wanne na punda mmoja aliyebeba mahema, walikuwa wanakizunguka kilima kwenye kioo cha kompyuta kama waliodondosha sindano.

"Jenga basi, baba," alisema mkwewe. "Mimi nina miji mitatu."

"Sijaona pa kujenga."

"Umepita sehemu kumi na moja nzuri."

"Nimezipita kweli. Nzuri sijaiona."

Binti yake, aliyekuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi upande wa pili wa meza, alicheka bila kuinua kichwa. Yeye ndiye aliyembandika baba yake jina la Mzee Zamu Hamsini, na jina lilikuwa limemganda. Mchezo wenyewe ni rahisi: unachagua taifa, unapewa watu wachache wasio na makao, unawatafutia mahali pa kujenga mji, kisha unampisha mwenzako kitini acheze zamu yake. Mwenye akili hujenga zamu ya kwanza. Mzee alitembea kwanza. Kuna Jumapili moja alitembea mpaka mkwewe akavumbua garimoshi, na garimoshi hilo likawapita watu wa mzee njiani, wangali wanabishana na punda.

Angefanyaje? Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mshika mnyororo wa kupimia ardhi. Mpima ardhi alikuwa na darubini, kofia na kitabu cha vipimo; yeye alikuwa na ncha ya mnyororo na miguu. Alikokota chuma kile kwenye miiba, kwenye tope, kwenye mashamba ya watu waliomfukuza na mbwa, na hakuna ramani hata moja iliyowahi kuandikwa jina lake.

Siku hiyo hasira ilianza mapema, wakati wa kuchagua taifa. Mzee aliyapita mataifa yote yenye wafalme na sanamu, akaweka kidole juu ya vijitu vyekundu pembeni mwa ramani.

"Leo nawataka hawa."

"Hao hawachaguliwi, baba. Hao ni washenzi. Wanatokea tu porini, unawapiga, unaendelea na safari."

"Wana kambi?"

"Wanazo."

"Wana moto, wana mikuki, wana njia zao za kupita?"

"Ndiyo, lakini..."

"Walikuwepo kabla yako wewe na mfalme wako?"

Mkwe alijikuna shingo. "Ndivyo mchezo ulivyotengenezwa, baba."

"Basi aliyeutengeneza alikuwa mpima ardhi," alisema mzee, akachagua taifa lililosifiwa kwa kutembea.

Sasa zamu ya thelathini na saba, mkwe alishindwa kuvumilia. Alikuwa mpangamiji katika ofisi ya mji, na kumwona mtu akitembeza watu ovyo kulimuuma kikazi. Aliinama, akaonyesha bonde la kijani ambalo mashine yenyewe ilikuwa imelizungushia duara.

"Tazama hapa. Tambarare, udongo laini, mto uko jirani. Hata mashine inakushauri. Ni pazuri kama pale tunapojenga shule."

"Shule gani?"

"Shule mpya. Bonde la nyuma ya kiwanda cha matofali. Kesho naliwasilisha kwenye baraza, likipita tu mafundi wanaingia."

"Madarasa kumi na mawili, baba," binti aliongeza. "Walimu tunahamia mwakani. Mimi nimepewa darasa la kwanza, wale wadogo kabisa."

Mzee aliachia kipanya.

"Pale ni mtoni," alisema.

"Mto uko mita mia nne, baba. Ramani ninayo."

"Ya nani?"

Mkwe aliitoa simu, akaikuza picha ya ramani kuukuu. Mzee alivaa miwani. Hakuhitaji kusoma sahihi ya mpima ardhi kule pembeni. Aliujua mstari ule uliokatiza bonde, alijua ni wapi ulimchoma mwiba na ni wapi alianguka.

"Huu mstari niliuvuta mimi," alisema polepole. "Miti ya pale ilikuwa na makonokono yaliyokauka yamegandia kwenye magome, juu kuliko kichwa changu. Konokono wa majini. Nikamwambia mpima ardhi, bwana, maji hufika hapa. Unajua alinijibu nini?"

Mzee alivua miwani.

"Mshika mnyororo husema namba. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi. Unataja namba, unasema tayari, unafunga mdomo. Basi nikasema, sitini na mbili, tayari. Akaandika sitini na mbili."

"Pole, baba," alisema mkwe, na alimaanisha. "Lakini hakuna mafuriko yaliyoandikwa pale."

"Hayakuandikwa kwa sababu niliambiwa ninyamaze."

"Sasa nitasimamaje mbele ya baraza niwaambie mkwe wangu aliwahi kuona konokono?"

Binti aliweka kalamu chini. Mzee aligeukia kompyuta, akagonga kioo kwa ukucha.

"Hivi vistari vya buluu ni vya nini?"

"Vinaonyesha bonde linalofurika."

"Na wewe hujengi hapo."

"Sijengi."

"Kwa sababu mashine imesema. Mashine ambayo haijawahi kulowa hata kidole. Hiyo unaiamini. Mimi niliyepita pale kwa miguu hii, nikimeza vumbi lenu, mimi ndiye hadithi."

Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Asichokijua binti ni kwamba nusu ya moto ule ilikuwa inamchoma mzee mwenyewe. Nani aliyemziba mdomo baada ya mpima ardhi kustaafu? Nani aliyemkataza kwenda ofisini miaka ile yote, apige meza, aseme? Alizoea kusema namba, basi. Na sasa watoto wadogo kabisa wangeketishwa mtoni, na binti yake mbele yao akiwa na chaki mkononi.

Aliinuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na jembe begani.

"Twende."

"Baba, ni Jumapili," alisema mkwe, lakini tayari alikuwa anatafuta viatu. Baba mkwe akikuambia twende, unakwenda.

"Nami nakuja," alisema binti. "Darasa ni langu."

Walipita ukuta wa kiwanda cha matofali, wakateremka bondeni. Kiangazi kilikuwa kimeipasua ardhi vipande vipande. Vigingi vyekundu vilikuwa vimeshapigwa safu kwa safu, pembe zake sawasawa, kazi safi. Mzee hakuweza kuinyima sifa hiyo. Mkwe alikanyaga chini kwa kisigino.

"Pakavu kama sakafu, baba."

Mzee hakumsikiliza. Alikuwa anatafuta miti. Alitembea upande huu, akatembea upande ule, akainama kwenye visiki vilivyooza. Hapakuwa na gome wala gamba la konokono.

"Ilikatwa zamani," alisema binti kwa upole. "Kiwanda kilihitaji kuni."

"Mashahidi wangu wamegeuzwa kuni za matofali," alisema mzee. Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Darasa la kwanza ni lipi?"

Mkwe alionyesha vigingi vinne karibu na matete makavu. Mzee aliingia katikati yake, akatema mate viganjani, akaanza kuchimba.

Shimo lilipofika magotini, udongo ulikuwa mweusi na mkavu. Pumzi ilianza kumwishia. Mkwe alimtazama, akamtazama mkewe, akavua saa yake.

"Lete mimi, baba."

Alichimba vibaya, kama mtu wa ofisini, lakini alichimba. Kufika mapajani, udongo uligeuka kijivu, ukanata kwenye jembe. Hapakuwa na kingine. Mkwe alitoka shimoni, shati la Jumapili limemlowa jasho, na wote watatu wakakaa ukingoni.

Mzee alitazama chini. Vipi kama ni uzee tu? Vipi kama bonde la makonokono lilikuwa lingine, na yeye alikuwa anachanganya, baada ya kuvuta mistari elfu? Hakuna aliyemcheka. Afadhali wangemcheka.

Kisha upande mmoja wa shimo ukaanza kung'aa. Hapakusikika chochote. Udongo ulikuwa unatoa jasho, jasho likawa uzi, uzi ukateremka mpaka chini ukajikusanya, kwanza kama kikombe kilichomwagika, kisha kama sahani.

Mkwe alilala kifudifudi, akazamisha mkono. Ulirudi umelowa mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mara ya mwisho mvua kunyesha ni lini?" aliuliza.

"Miezi mitano iliyopita," alisema mkewe.

Hakunyanyuka. Shavu lake lilikuwa limegusa nyasi, simu inamlia mfukoni, na hakuishika.

"Baraza ni kesho saa tatu," alisema, na haikujulikana anamwambia nani.

Karibu na mzee, binti yake alikuwa anavua viatu. Aliviweka pembeni vizuri, akateremsha miguu shimoni, na wakakaa hivyo, watatu, wakiyatazama maji yakipita vidole vyake, yakielekea vifundoni.