Mwakatundu, Ukurasa wa Kwanza

Mashine ilimtaka Debora athibitishe kwamba yeye ni mtu. Ilimwonyesha picha tisa ndogo, ikamwambia achague zote zenye bomba la zimamoto. Alizitazama kwa makini. Tangu azaliwe hajawahi kuona bomba la namna hiyo, si Sumbawanga wala kwingine, kitu kifupi chekundu kilichochomekwa kando ya barabara za watu. Akabofya tatu. Mashine ikakataa, ikaleta tisa nyingine.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa sita, na baridi ya Ufipa ilikuwa imepenya chini ya mlango ikatulia kwenye magoti yake. Alivaa sweta mbili, na juu yake alijifunga kitenge cha marehemu mama yake. Akapulizia vidole, akabofya tena. Safari hii akapita. Chini ya makala ya mapishi ya biriani akabandika maneno aliyokuwa ameyaandaa: "Asante dada kwa somo zuri. Mimi nilipata dawa ya vipele hapa nikapona." Neno "hapa" likageuka bluu. Hiyo ilikuwa linki ya nne tangu afike. Alitakiwa kufikisha arobaini kabla ya jua kuzama, na ile ambayo mwenye blogu ataifuta haikuwa na malipo.

Duka lilikuwa la Azizi, kule Majengo. Mbele waliuza madaftari, wakatoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta tatu, na huko ndiko Debora na mwenzake Monika walikoshinda, wote wawili wana stashahada ya ualimu, wote wawili wakisubiri ajira mwaka wa nne huo. Kazi yenyewe Azizi aliwaeleza siku ya kwanza, amesimama na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Ukitafuta jambo mtandaoni yanakuja majibu elfu. Nani akae wa kwanza? Mashine haijui nani mkweli. Inaangalia nani ametajwa na wengi. Tovuti ikitajwa sehemu mia, inapanda. Isiyotajwa na mtu, inazama. Basi sisi ndio watajaji."

Wakataja. Walitaja waganga, viwanja, dawa za nguvu, mikopo ya simu, vyuo ambavyo hakuna ajuaye vilipo. Debora alishaacha kusoma anachokitaja. Chumbani kwake, mwendo wa dakika kumi kutoka dukani, alikuwepo baba yake, mzee Mayunga, mwenye nyonga ya kulia iliyounga vibaya na presha isiyoruhusu kuruka kidonge hata siku moja. Kabla ya kazi hii Debora alifulia watu nguo. Maji ya mji ule asubuhi ni kama wembe, na mikono ilipasuka hadi akashindwa kusonga ugali.

Jumanne moja Azizi aliingia nyuma ya pazia na karatasi.

"Imekuja kazi kubwa kutoka Dar. Linki mia tatu kwa mkupuo. Acheni mengine yote."

Juu ya karatasi paliandikwa Bonde Jipya, kampuni ya kilimo cha mpunga. Chini yake yalipangwa maneno ya kupandisha, yale ambayo mtu akiyaandika mtandaoni, tovuti ya Bonde Jipya inapaswa kumtokea mbele. La kwanza lilikuwa Mwakatundu.

Debora alilisoma mara mbili. Halafu akaiweka karatasi kifudifudi mezani.

Mwakatundu kilikuwa kitongoji cha bondeni, mbele ya Mtowisa. Mayunga alifika huko kijana, akiswaga ng'ombe kutoka Shinyanga, akamwoa Klementina, binti wa Kifipa, na huko ndiko Debora alikozaliwa. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, walikuja watu na matrekta, na karatasi yenye mhuri, na petroli. Nyumba arobaini na tatu ziliteketea. Ng'ombe walifungiwa kwenye zizi la kampuni na hawakutoka tena. Mayunga alisimama mlangoni pake, akapigwa rungu la nyonga. Klementina alilala wiki sita kwenye ua wa kanisa Mtowisa, chini ya turubai, na malaria ikamchukulia hapo hapo.

Katekista Yonas alipiga picha. Walinzi waliipasua simu yake, lakini tayari alikuwa ameziweka kwenye ukurasa wa bure mtandaoni, akauita "Walivyotuchomea Mwakatundu". Na kwa kuwa duniani kote hapakuwa na mtu aliyewahi kuliandika jina hilo, kila aliyelitafuta alikutana na Yonas kwanza. Katika picha ya tatu Mayunga amekaa chini, mguu umelala upande kama si wake.

"Kaka Azizi," Debora alisema, "hii mpe Monika peke yake."

"Kwa nini?"

"Hapo ni kwetu."

Azizi hakuwa mtu mbaya. Moja ya zile sweta mbili ilitoka kwake. Alivuta kiti akakaa, na kwa muda akawa anakizungusha kikombe mkononi.

"Pole. Sikujua. Lakini nikimpa Monika, hizo linki hazitawekwa?"

"Zitawekwa."

"Zitawekwa. Tofauti itakuwa ni nani anamnunulia mzee vidonge." Aliyasema bila ukali, kama mtu anayeeleza njia. "Mimi mwenyewe bosi wangu simjui sura. Ananiandikia tu. Nikikataa hii, anapeleka Mbeya, na meza hizi naanzia kuuzia nyanya."

"Wanataka nini hasa?"

"Ukurasa wa yule bwana ushuke. Hawataki ufutwe, ukifutwa watu wanauliza. Ushuke tu. Kabla ya tarehe kumi na nane."

Tarehe kumi na nane Debora aliijua. Ndiyo siku ambayo kamati ya malalamiko ya ardhi ingekaa Sumbawanga, na Mayunga alikuwa ameshaazima pasi ya mkaa kwa jirani akanyoosha shati lake jeupe, akalitundika ukutani ndani ya mfuko wa nailoni.

Alivuta kompyuta akaanza.

Siku ya kwanza alijiita Bibi Coleta, anayechota maji mlangoni kwake tangu Bonde Jipya wachimbe kisima. Siku ya pili akawa Mzee Kasimiri, aliyelipwa fidia akaezeka bati. Akawa Angela wa darasa la sita, aliyepewa dawati. Aliwapandikiza kila mahali: chini ya mashairi ya kwaya, kwenye majukwaa ya mpira, kwenye blogu za mitindo ya nywele, na kila mara neno Mwakatundu likawa la bluu, likielekeza kwenye tovuti ya kampuni yenye picha ya watoto wanaocheka, watoto asiowajua. Blogu nyingi zilifuta maneno makavu, kwa hiyo ilimbidi ayatie uhai. Akaandika kivuko cha mawe pale mtoni, mawe matano, la tatu likitikisika. Akaandika harufu ya pumba asubuhi. Azizi alisoma juu ya bega lake.

"Wewe unajua kuandika," alisema. "Hizi hazifutwi."

Wakati wa chakula cha mchana, Monika akiwa ametoka, Debora alikuwa akijaribu kitu kingine. Alichukua anwani ya ukurasa wa Yonas, akaipachika kwenye jukwaa la wafugaji, kwenye blogu ya padre mmoja, kwenye maoni ya habari za bungeni. Kwa siku tatu alifikisha kumi na saba. Siku ya nne Azizi alimwita nje, kwenye kibaraza, upepo ukipeperusha vumbi la barabara.

"Dar wanasema kuna mtu anauinua ukurasa wa yule bwana."

Debora alitazama ndani, kwenye pazia.

"Nimewaambia labda ni wanaharakati. Wakijua limetoka kwenye kompyuta zangu, tumekwisha sote, mimi, wewe na Monika, ambaye hajakukosea chochote. Futa."

"Ni kumi na saba tu, kaka."

"Najua. Linki zingekuwa laki moja wasingekugusa."

Alirudi ndani akazifuta moja baada ya nyingine. Ile ya kwa padre iligoma kufutika, ikambidi amwandikie mwenyewe kwamba alikosea. Padre akajibu baada ya saa moja: "Usijali, binti. Nimeiondoa. Mungu akubariki."

Tarehe kumi na saba, ukilitafuta jina Mwakatundu, Yonas alikuwa wa ishirini na sita.

Kesho yake Azizi alimruhusu nusu siku. Mayunga alivaa shati jeupe na koti, wakaenda polepole hadi kwenye ofisi iliyotengwa kwa ajili ya kamati. Wajumbe wenyewe walikuwa chumba cha ndani. Nje alikaa karani wao, Cornelia, dada mdogo mwenye kompyuta ya mapajani, aliyewapokea watu kwa heshima na kuamua nani apite.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesoma malalamiko yako. Una hati ya eneo?"

"Iliungua na nyumba."

"Risiti yoyote? Barua ya kijiji?"

"Vilikuwa ndani ya nyumba," Mayunga alisema, kwa subira, kama aliyedhani hakusikika vizuri.

Cornelia aliandika kitu, kisha akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili nao waone. "Sisi kabla ya kikao huwa tunaangalia taarifa za eneo. Sasa hapa Mwakatundu naona kisima. Naona madawati, fidia. Watu wengi wanashukuru, mzee. Sehemu nyingi sana."

"Kuna ukurasa wa katekista Yonas," Debora alisema. "Una picha. Baba yangu yumo."

"Nimeuona, dada. Uko chini huko. Huyo ni mtu mmoja kaandika. Hawa wengine wanafika mia tatu. Kamati lazima ipime uzito."

"Huyo mmoja ndiye mkweli."

"Unajuaje?"

Maneno yalikuwa yamejaa kinywani mwa Debora, yamepangika kabisa, yalibaki kutamkwa tu. Alimwona Azizi anapanga nyanya. Alimwona Monika. Aliiona pakiti ya vidonge juu ya dirisha, vimebaki vinne.

"Nilizaliwa pale," alisema.

"Ndiyo hivyo. Wewe ni binti yake, una upande," Cornelia alisema kwa upole. "Sijasema mzee anadanganya. Nasema tutalihifadhi faili, akipata ushahidi arudi."

Mayunga alikuwa ameinamia kioo. Kusoma hakujua. "Wanasema nini hao?" akamuuliza Debora. "Nisomee."

"Twende, baba."

"Nisomee mmoja tu."

Cornelia akamsogezea kompyuta. Debora akasoma, kwa sauti ambayo hakuitambua: "Mimi ni Bibi Coleta wa Mwakatundu. Zamani nilivuka kivuko cha mawe matano na ndoo kichwani, lile jiwe la tatu likinitikisikia. Leo maji yako mlangoni. Waliotoka wanakaribishwa kurudi."

Jioni Mayunga alikula, akameza kidonge, akageukia ukuta.

Asubuhi Debora alipoamka hakumkuta. Alimkuta stendi ya magari ya bondeni, amesimama na fimbo yake kando ya landkruza iliyojazwa mizigo na watu, dumu la njano la lita ishirini liko miguuni pake. Alikuwa ameliazima kwa jirani.

"Narudi kesho kutwa," alisema. "Nakwenda kuona hicho kisima. Labda walibadilika baada ya sisi kuondoka. Wamesema tunakaribishwa."

"Baba, kisima hakipo."

"Umekwenda lini ukakikosa?"

"Yale maneno niliyaandika mimi." Watu walikuwa wanapanda, akalazimika kuyasema karibu na sikio lake. "Bibi Coleta ni mimi. Kasimiri ni mimi. Ndiyo kazi ninayofanya kwa Azizi. Wote ni mimi, baba."

Mayunga akatabasamu, tabasamu dogo la huruma, la mtu anayemsikiliza mtoto mwenye homa.

"Wote mia tatu?"

"Wote."

"Unaiogopea nyonga yangu. Mama yako naye alikuwa hivyo, akitaka usiende mahali atasema lolote." Akashika bega lake. "Mtu mmoja hawezi kusema uongo mwingi kiasi hicho, mwanangu. Na yule bibi amelitaja jiwe la tatu. Jiwe lile atalijuaje mtu ambaye hakuishi pale? Sikumkumbuka tu. Uzee huu."

"Walinzi wako pale pale. Walikupiga."

"Walikuwa hawajachimba kisima."

Utingo akampigia bodi kumharakisha. Vijana wawili walimshika makwapani wakampandisha, mmoja akiubeba ule mguu wa kulia kwa mikono miwili, wakamkalisha juu ya magunia. Debora alishika ubavu wa gari. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa sweta. Ilikuwa ujumbe wa Azizi: Dar wamefurahi sana, njoo mapema, kuna kampuni nyingine.

"Mzee, unashukia wapi?" utingo aliuliza.

"Mwakatundu."

"Hakuna Mwakatundu siku hizi. Unasema getini kwa Bonde Jipya?"

"Hapo hapo," Mayunga alisema.

Utingo alilifunga lile dumu kwa kamba ya katani nyuma ya gari, kwa nje, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Gari likaondoka kuelekea mteremkoni, na dumu tupu likawa linagonga bati, linagonga bati, hata lilipokwisha kupotea kwenye ukungu bado lilisikika.