Kukataa Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2014. Upepo ulitoka baharini, mwepesi, na moshi wa Mlima, volkano yetu, ulikuwa umelalia upande wa Bronte, kwa hiyo asubuhi hiyo hapakuwa na vumbi jeusi la kufagia kwenye ngazi. Usiku kulikuwa kumenyesha kidogo. Nilisali rozari yangu jikoni, nikamfunga baba kamba za viatu, nikamshika mkono hadi kwenye gari.

Baba yangu, Venerando, alikuwa na miaka themanini na mitatu. Jumatatu iliyofuata alitakiwa kwenda kwa wakili wa hati kutia sahihi ya kuuza shamba letu la mizabibu, juu ya Santa Venerina, kwa bwana mmoja wa Milano. Kabla ya hapo aliomba jambo moja: tushuke pwani ya Sisilia wiki nzima, kutoka Riposto hadi Brucoli, kwa njia ileile aliyopita na lori ujanani akipeleka divai, na kila mahali ale kile alichokuwa akila. Nikachukua likizo. Mdogo wangu Cirino akaja kutoka Ujerumani, anakofanya kazi kiwandani tangu mwaka 1992.

Mimi ndiye niliyempigia simu kumwambia shamba linauzwa. Aliuliza kama ule mzabibu wa karibu na kisima bado upo. Mtu asiyetaka shamba haulizi habari za mzabibu mmoja. Nilijua analitaka, na nilijua pia kwamba hatasema.

Alipotukuta Riposto aliinama, akabusu mkono wa baba kama tulivyolelewa. "Baba, nibariki."

"Uwe mtakatifu na tajiri," baba alijibu, maana ndivyo inavyojibiwa. Kisha akamtazama kutoka juu hadi chini, akaongeza kwamba utakatifu hauoni, na utajiri, kwa viatu vile, hauoni kabisa.

Tulikula barafu ya lozi na mkate laini wa siagi, tukiwa tumekaa mahali ambapo mapipa yalikuwa yakiviringishwa kupelekwa melini. Mwenye mkahawa alimkumbuka baba. Alimkaribisha bakuli la pili, baba akakataa. Akamkaribisha tena, akakataa kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu baba akapokea huku akilalamika kwamba watu wa Riposto wanataka kumuua. Ndivyo ilivyo kwetu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na asiyekaribisha mara ya tatu ni bahili. Katikati hapo ndipo adabu inapoishi.

Jumanne tulikuwa Pozzillo. Mvua ilinyesha, bahari ikawa nyeusi kama mawe yake, tukala tambi za biringanya na jibini iliyokaushwa, na baba akalala garini hadi saa kumi.

Jumatano tulishuka Santa Maria la Scala, kwa Bi Placida, mjane aliyekuwa akinunua divai yetu enzi za mumewe. Nyumba yake imejengwa chini kabisa ya ule ukuta wa mawe ambao Mlima uliumwaga hadi baharini zamani, na ukikaa mezani unasikia mawimbi chini ya miguu. Alitupikia dagaa waliojazwa makombo ya mkate, zabibu kavu na njugu za msonobari. Walikuwa watamu mno. Cirino alipofuta sahani yake kwa mkate, Bi Placida alimwinulia bakuli akasema, "Ongeza kidogo, mwanangu."

"Asante, mama," Cirino akasema, akasogeza sahani.

Bi Placida alisita na kijiko hewani. Kisha akampakulia wote sita waliobaki, akatabasamu, akaketi. Hapo ndipo nilipoona kwamba sahani yake mwenyewe ilikuwa tupu na ilikuwa safi. Alikuwa ametungoja tushibe ndipo ale. Cirino hakuona, alikula hadi wa mwisho, akausifu mkono wa mpishi.

Tulipofika garini baba alimgeukia Cirino.

"Umekula chakula cha mjane."

"Si alinikaribisha?"

"Mara moja, Cirino. Mara moja! Hata paka wa padri hungoja mara ya pili."

Cirino alipoelewa alitaka kurudi akaombe radhi. Nikamzuia, maana kuomba radhi kungemwaibisha Bi Placida zaidi. Jioni nilimpelekea kikapu cha samaki nikasema kimetuzidi. Lakini tukiwa bado palepale garini Cirino alituhadithia mwaka wake wa kwanza Ujerumani. Mama mwenye nyumba alikuwa akimwita mezani kila Jumapili. Alimuuliza kama atakula nyama. Cirino akasema hapana, asante, akingoja aulizwe tena. Mama akaiondoa sahani. Jumapili iliyofuata vilevile. Wiki ya tatu alikuwa akila mkate chumbani kwake na kulia kama mtoto, akidhani anachukiwa, na yule mama naye alikuwa akiwaambia majirani kwamba vijana wa Sisilia hawali nyama.

"Njaa ndiyo iliyonifundisha," alisema. "Kule ukisema hapana, wanaamini."

Mimi nilicheka mpaka nikafuta macho. Baba hakucheka. Aligeuka akatazama dirishani, na aliendelea kutazama dirishani siku nzima.

Alhamisi, Aci Trezza, Cirino alikwenda kuogelea kwenye miamba, na baba akaniuliza bila kunitazama, "Delfa. Mwaka ule wa tisini na moja, ndugu yako alikataa kweli?"

Nilijua anauliza nini, kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa siku ya mwisho ya mavuno. Mezani, mbele ya wavunaji wote, baba alimwambia Cirino, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, kwamba shamba litakuwa lake akilitaka. Cirino akasema, "Hapana baba, lako bado, na Mungu akupe miaka." Wakati uleule jirani akaingia akipiga kelele kwamba pipa kubwa linavuja. Tuliinuka wote tukakimbia. Tuliokoa nusu. Baada ya hapo baba hakulirudia lile neno. Cirino alingoja majira yote ya baridi. Mwezi wa tatu akapanda treni.

"Kwa nini hukumwuliza tena?" nilimwambia.

"Ningemwuliza vipi? Nilishatoka mezani. Kumfuata mtu ghalani kumwambia chukua, chukua, huko si kukaribisha, ni kuombaomba. Nilidhani akilitaka atanikalia karibu, anipe nafasi. Akanunua tiketi. Nikasema basi, hapana yake ilikuwa hapana."

"Alikuwa hajaonja hata mkate wa Ujerumani, baba. Hapana ile ilikuwa ya kwetu."

"Jana nimeliona hilo."

"Basi mwulize leo."

"Baada ya miaka ishirini na mitatu? Na neno nimeshampa bwana wa Milano? Usinifanye mtoto, Delfa."

Niliingia kanisani. Nilimwomba Mungu aniambie kama ninyamaze au nizungumze, kwa kuwa nimewahi kuharibu mambo kwa kunyamaza na mengine kwa kusema. Goti liliniuma, nikasimama, na nilipotoka nje nilikuwa nimeshaamua.

Ijumaa tulifika Catania. Katika soko la samaki, baba alipokuwa akibishana na mchuuzi juu ya macho ya samaki wake, nilimvuta Cirino pembeni nikamweleza yote. Nilimwambia baba hatamwuliza tena, si leo wala siku ya kufa kwake, na Jumatatu shamba litakuwa la mtu mwingine.

"Niliacha mlango wazi majira yote ya baridi, dada," alisema. "Nilikuwa nikilala nikimsikiliza kama anapanda ngazi."

"Naye alikuwa chini akisikiliza kama unashuka."

"Kwetu hakuna anayeomba."

"Hakuna. Ukiomba watu watakusema."

Cirino alinunua matunda ya mpungate, ule mmea wa miiba, yaliyomenywa, akayabeba katika mfuko wa karatasi kutwa nzima bila kuyala.

Jumamosi ilikuwa Brucoli, mwisho wa njia ya lori. Tulikaa kwa Bwana Nitto, mwenye hoteli ndogo kando ya mfereji zinapofungwa mashua. Mkewe, Bi Cettina, alikuwa akikaanga pweza wadogo, na kwenye meza ya pili wazee wawili walikuwa wakishona nyavu. Baba alikula polepole. Alisema divai ile haifai kuoshea hata magurudumu, kisha akaomba nyingine.

Cirino aliweka uma chini.

"Baba, shamba nalitaka mimi."

Wazee wa nyavu waliacha kushona. Baba aliendelea kutafuna hadi akameza.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Na mara ya pili?"

"Na mara ya pili, baba. Ningekungojesha mwaka mzima kwa adabu. Sina tena miaka ya kupoteza. Nalitaka."

Uso wa baba ulikuwa mwekundu, na kwa kitambo nilidhani atainuka aondoke. Alisema amempa neno mtu wa Milano. Nikamwambia hakuna kilichotiwa sahihi. Akaniuliza tangu lini neno la Venerando linahitaji sahihi. Bi Cettina alileta sahani nyingine ya pweza bila kuulizwa, akabaki palepale amesimama.

"Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa bwana huyo," baba alisema hatimaye. "Nitamwambia usoni kwamba neno langu nimelivunja. Aibu hiyo ni yangu, nimeitafuta mwenyewe, nitaibeba. Lakini wewe? Mizabibu haipogolewi kwa simu."

Cirino alisema kazini atatakiwa kutoa taarifa ya miezi mitatu. Baba akasema kila mtu kwenye pwani hii amewahi kuahidi kurudi, na nusu ya nyumba zimefungwa madirisha. Kisha akamwita Bwana Nitto, akawaambia wazee waache nyavu wasogee, akamshika Bi Cettina mkono asiende jikoni.

"Simama," alimwambia Cirino. "Sema hapa, mbele yao. Sema mara moja tu."

Cirino alisimama.

"Tarehe mbili Februari, sikukuu ya mishumaa, nitakuwa shambani na mkasi mkononi, nikipogoa. Nisipokuwepo siku hiyo, baba amwuzie amtakaye, na mimi sitafungua mdomo."