Balkoni ya Mama Judith

Veronika hakuwa mtu wa kuomba vitu kwa wanawe. Lakini habari ya meli ilipofika kwa simu, kabla hata hajauliza wataondoka lini, alimwambia binti yake jambo moja: chumba chao kiwe na balkoni. Balkoni ya meli hakuwahi kuiona. Alisikia tu kwamba ni mahali mtu anaposimama nje bila kutoka chumbani kwake, na hilo lilimtosha.

Sababu ilijulikana na kila mtu kijijini kwao, kule juu ya Sirari kwenye migomba na kahawa. Veronika husali alfajiri, husali nje, na husali kwa sauti. Judith alipokuwa mtoto mchanga alishikwa na homa isiyoshuka, na mama yake akatoka giza likiwa bado, akasimama nyuma ya jiko, akamweleza Mungu kila kitu. Mtoto akapona. Tangu hapo Veronika hakurudi tena kusali ndani, kwa maana ndani, alisema, maneno yanagonga bati na kumrudia. Mume wake, mzee Mokami, alizoea kumwambia kwamba Mungu si kiziwi, na kwamba majirani sasa wanazijua dhambi za nyumba hii kwa mpangilio wake. Veronika alimjibu kwamba wanajua pia zimesamehewa.

Judith huyo sasa ni muuguzi Durban, huko Afrika Kusini, na mume wake Wiliam, mtu wa Nyansurura mkoani kwao, anafundisha chuo cha ufundi hukohuko Durban. Miaka ilikuwa imepita bila kuonana. Ndipo wakawaalika wazee wasafiri pamoja kwa meli ya kitalii, siku chache tu, kwenda visiwa vya Msumbiji na kurudi. Kila kitu kilikuwa kimelipiwa. Kilichobaki ni kuchagua chumba, na picha za meli zilitumwa kwa Faridu, wakala wa tiketi pale Sirari, kwa kuwa simu ya Mokami ni ya vitufe na ya Veronika ina kioo kilichopasuka katikati. Jioni ya siku waliyokwenda kwake ndiyo ilikuwa mwisho wa kuchagua.

Tatizo lilikuwa Mokami. Mzee huyu, ambaye enzi zake alifuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka akawarudisha zizini, na ambaye hadi leo akisikia mbwa wanabweka hutoka na fimbo bila hata kuvaa viatu, hakuwa na urafiki na maji. Alipanda kivuko cha Kinesi mara moja maishani mwake. Tangu Musoma hadi ng'ambo alikuwa amefumba macho, na walipofika alisema alipitiwa na usingizi. Veronika, aliyekuwa ameshikwa mkono safari nzima mpaka vidole vikafa ganzi, alikubali kwamba ulikuwa usingizi. Alimtania mume wake kwa mengi, kwa kofia yake na kwa namna anavyokunywa uji, lakini Kinesi hakuigusa kamwe.

Ofisi ya Faridu ilikuwa barabarani, malori ya kuelekea Isebania, ng'ambo ya mpaka, yakiwa yamepanga foleni mbele ya mlango na wabadilisha fedha wakizunguka na mabunda yao. Faridu alisimama akawaamkia shikamoo, akawapa viti, akageuza kompyuta ili waione. Ukoo wake ulitoka Tanga zamani, babu yake akiwa na cherehani kichwani, lakini yeye alizaliwa hapahapa na alizijua tabia za wenyeji kuliko wenyeji wengine.

Aliwaeleza taratibu. Meli ina ghorofa nyingi. Vyumba vya katikati havina dirisha. Vya pembeni vina dirisha lisilofunguka. Na vile bora vina mlango wa kioo, ukiufungua unatoka kwenye balkoni yako mwenyewe yenye viti viwili na meza, na mbele yako ni bahari tu.

Mokami aliweka kidole kwenye chumba kisicho na dirisha kabla maelezo hayajaisha.

"Hiki ndicho. Hiki kinafanana na nyumba."

Faridu akamkumbusha kwa upole kwamba Judith alitaja balkoni. Mokami akasema nyumba yenye milango miwili ni ngumu kuilinda. Faridu akasema katikati ya bahari hakuna mwizi. Mokami akamtazama kwa huruma, akamwambia kwamba bado ni kijana na hajawajua wezi.

Veronika aliwaacha wazungumze. Alikuwa akiitazama ile picha ya viti viwili na meza. Moyoni mwake alikwisha kukisukuma kiti kimoja pembeni ili apate nafasi ya kusimama.

Faridu akafungua chumba cha kwanza chenye balkoni. Kilikuwa kizuri, lakini chumba kilichofuata, ukuta kwa ukuta, kilikuwa na jina la Wiliam. Faridu akakifunga mwenyewe bila kuambiwa. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali jirani. Hata kitanda cha mama mkwe, mkwe hatakiwi kukiona, sembuse kukisikia kikilia kwa upande wa pili wa ukuta. Akatafuta kingine, ghorofa ya juu yake. Walipoangalia vizuri, kilikuwa juu ya kile cha Wiliam moja kwa moja.

"Yaani mama mkwe alale juu ya kichwa cha mkwe," alisema Mokami, na sauti yake ilikuwa na raha kidogo. Kikatafutwa kingine ng'ambo ya ujia uleule wa kati, na milango ikawa inatazamana.

Hapo Mokami akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyeshinda kesi. Alisema yeye angependa sana kusafiri, Mungu anajua, lakini mila ni mila. Meli, hata iwe na ghorofa mia, ina paa moja, na mkwe hawezi kulala paa moja na mama wa mke wake.

"Kanisani tunakaa naye paa moja," alisema Veronika.

"Kanisani hatulali, mama Judith."

"Wewe hulali? Mahubiri ya Jumapili yalihusu nini?"

Faridu akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Mokami akasema mahubiri yalihusu imani, kwa sababu aliona mahubiri mengi huhusu imani. Yalikuwa ya Nuhu. Veronika hakumwambia, maana Nuhu na maji yake hakuwa mtu wa kumtaja siku ile.

Faridu aliendelea kutafuta, akapata chumba nyuma kabisa ya meli, mbali na cha Wiliam kama vile Sirari ilivyo mbali na Tarime. Balkoni yake ilikuwa pana kuliko zote, na hakukuwa na mtu juu wala ubavuni. Veronika alisogeza kiti chake. Alihisi moyo ukimwenda mbio kama msichana aliyeletewa kitenge kipya.

Mokami akakitazama sana. Akauliza kama huko nyuma ndiko moshi unakotokea. Hautokei huko. Akauliza kama chakula kinafika mbali hivyo. Kinafika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiutazama mlango, kwamba kama jambo lenyewe ni kuonana, kwa nini Judith na Wiliam wasije nyumbani tu? Nyumbani kuna nafasi, na mkwe atalala kwa mdogo wa Mokami kama siku zote. Hii meli iachwe.

Safari yote ilikuwa imefika ukingoni pale mezani kwa Faridu.

Veronika aliliona lile neno likimpanda kooni. Kinesi. Neno moja tu, na mbele ya Faridu, na mzee asingekuwa na pa kujificha. Angekubali chumba chochote kwa hasira. Alimjua. Lakini alijua pia kwamba mtu aliyeshikwa kwa hasira angepanda meli hiyo kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, na kwamba asingemsamehe haraka. Akafumba macho, akasali humohumo ndani, chini ya bati la watu, bila sauti. Bwana, mimi nifunge mdomo. Huyu mzee mfungulie njia, kwa sababu mimi sina.

Simu ya Faridu ikaita. Alikuwa Wiliam, akipiga kwa niaba ya mkewe aliyekuwa zamu hospitalini, akitaka kujua wazee wamefikia wapi. Faridu akaiweka sauti ya juu, akaondoka karibu na dirisha, kwa sababu pale dirishani simu za Sirari hukaribishwa na mitandao ya Kenya bila kuomba.

Veronika akajifunika mabega kwa kitenge, akageuza kiti chake akatazama ukuta. Wiliam alikuwa Durban na simu haikuwa na picha, lakini heshima ya mkwe haipimwi kwa umbali.

Wiliam akawaamkia, Mokami akaitikia marahaba. Faridu akaeleza kwamba vyumba vimetazamwa vingi, na mzee bado hajaridhika na hizi balkoni. Alilisema kwa uangalifu sana. Upande wa pili Wiliam akakohoa.

"Baba, kuna jambo nilitaka kuliungama kabla hatujaonana. Ni aibu kidogo."

"Sema, mwanangu."

"Mimi na Judith tumehama chumba, sasa hivi tu. Tumechukua chumba cha katikati, kisicho na dirisha, upande wa mbele kabisa. Mimi maji nayaogopa, baba. Nikiyaona tu miguu inalegea. Judith amekasirika, amesema akitaka upepo atakuja kukaa na mama kwenye balkoni yenu. Kama mtakuwa nayo."

Kicheko kidogo kilianza tumboni mwa Mokami, kikapanda, kikatoka kikubwa hivi kwamba mbadilisha fedha mmoja akachungulia mlangoni aone kuna nini. Mtu wa Nyansurura. Mwanaume mzima, mwenye watoto, anaogopa maji ambayo hayajamfanya lolote. Alimwambia Wiliam asione haya, hofu ni ugonjwa kama mwingine, na dawa yake ni kuyatazama maji machoni, usiyape nafasi. Alimweleza kwamba yeye binafsi alivuka Kinesi na upepo ukivuma, na akalala usingizi.

Veronika aliukazia macho ukuta. Ulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, naye akaisoma yote.

Wiliam alisikiliza somo lile kwa unyenyekevu, akisema ndiyo baba, kweli baba. Lilipoisha, Faridu akaweka mkono juu ya kipanya, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua chochote:

"Kwa hiyo, mzee, tuchukue hii ya nyuma?"

Mokami akatazama skrini, akatazama simu, akatazama mgongo wa mke wake. Njia ya kurudi ilikuwa imezibwa, na aliyeiziba ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Chukua," alisema. "Ndiyo. Chukua hiyo."

Faridu akabonyeza, na ikaisha. Ndipo Veronika akakumbuka picha ambayo Judith aliwatumia Krismasi, ambayo Mokami hakuiona vizuri kwa sababu ya kile kioo kilichopasuka. Wiliam yuko baharini, maji yamefika kifuani, mtoto amekaa mabegani mwake, naye amefungua mdomo anacheka. Hakuwa na sura ya mtu ambaye miguu imelegea.

Mkwe wake amejivika aibu isiyo yake, akaivaa mbele ya mtu baki, ili mzee wa watu asiivae. Na yeye hawezi hata kumshukuru, maana hata kusema naye moja kwa moja ni shida.

"Faridu," alisema, bado akitazama ukuta, "mwambie mkwe wangu nimesikia. Mwambie hiyo hofu yake nitamwombea kila alfajiri, nikiwa hukohuko balkoni."

Faridu akaikaribia simu amweleze, ingawa simu ilikuwa imesikia kila neno.

Kisha sauti ya Wiliam ikaja, na kulikuwa na kicheko kimekunjwa ndani yake.

"Mwambie mama asante sana. Ila asiombe kwa nguvu, isije ikapona kabla ya safari. Chumba tumeshabadilisha."

Faridu alipeleka ujumbe huo pia, neno kwa neno. Mokami akasema mkwe huyu ana akili, tatizo lake ni woga tu.

Walipoinuka kuondoka, Mokami alijidai kuinama afunge kamba ya kiatu, kisha akamsogelea Faridu. Veronika alikuwa ameshafika mlangoni. Alisikia vizuri, lakini akaendelea kutazama malori kwa makini kama mtu anayetaka kununua moja.

Mzee aliuliza, kwa sauti ya chini, ule ukuta wa mbele wa balkoni una urefu gani.

Faridu akajipima kwa mkono, akauweka kifuani. Mokami akautazama ule mkono, akajitazama na yeye.

"Mimi ni mrefu kuliko wewe."

"Basi utakaa, baba Judith," alisema Veronika kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Viti viko viwili. Nami nitakaa."

"Wewe husali umesimama."

"Huko nitasali nimekaa. Na mkono mmoja nitakupa wewe, uushike ukitaka kulala."

Mokami akavaa kofia yake, akatoka, akapita mbele yake kwa haraka. Walipokwisha kuvuka barabara ndipo akapunguza mwendo, akamsubiri.