Mkamwana Avaa Glavu

Mkunga Avelina alishuka kwenye lori pale Makambako akiwa na kilo ya sukari na maneno ya kumtania mama mkwe wake. Alipofika uani kwake, utani ukaisha. Mkwewe, Mama Lucia, mwanamke wa kubeba debe la mahindi bila kuhema, alikuwa amejikunyata ukutani, na nyuma ya nyumba vilianikwa vitambaa vyenye madoa ya damu.

"Kamwene, Mama," alimwamkia. "Unaumwa nini?"

"Tumbo tu, mwanangu. Dresa kanipa dawa mara tatu."

Tumbo! Wanawake wa huko, kwa haya yao, kila kilicho chini ya kitovu walikiita tumbo. Na dresa, yule mhudumu wa zahanati, kwa haya yake, hakuuliza zaidi. Kila mara alikoroga dawa nyeupe, akaandika cheti, basi. Na hedhi ya Mama Lucia ilikuwa imekoma miaka saba iliyopita. Avelina aliogopa hasa.

"Mama, tumbo haliloweshi vitambaa. Nikupime."

"Mkamwana anitazame mimi? Nitakula ugali wako kwa uso upi?"

"Nilipomzaa Mikaeli, nani alinishika miguu? Uliona yote, na ugali wangu unakula mpaka sufuria inalia."

Mama Lucia alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaingia ndani, akalala kitandani.

Avelina alivaa glavu. Kidole kilipofika kwenye mlango wa kizazi, mahali panapopaswa kuwa laini, kilikuta kinundu kigumu chenye kukwaruza. Glavu ikatoka na damu mbichi.

Kesho yake walikuwa hospitalini Njombe. Daktari alisoma vile vyeti vitatu, akachukua kalamu aandike cha nne.

"Kalamu haitauona ugonjwa, Daktari," Avelina alisema. "Mpime kwa mkono."

Daktari alikunja uso, halafu akakunja mikono ya shati. Alipotoka nyuma ya pazia, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni saratani. Lakini bado ndogo, na kizazi kinasogea vizuri, hakijanata popote. Mngechelewa miezi michache, nisingekuwa na la kufanya. Tunakitoa wiki hii."

Kikatolewa. Mwaka ulipopita bila tone la damu, Mama Lucia alisimama kanisani Makambako kutoa shukrani, akalitaja neno kizazi mbele ya mchungaji. Mzee mmoja akakohoa. Mama Lucia akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Ibada ilipokwisha, Avelina hakupata njia ya kutoka. Wanawake tisa walimzunguka, kila mmoja akinong'ona habari za tumbo lake, na aliyemng'ang'ania mkono kuliko wote alikuwa mke wa dresa.